Baba ana pumu, je, mtoto ataipata?
Dada, umeuliza kama mwanao lazima apate pumu kwa vile baba yake anayo. Si lazima. Kinachorithiwa si ugonjwa wenyewe, ni wepesi wa kuupata. Hakuna jeni moja ya pumu (jeni ni maelekezo ya urithi tunayopokea kwa wazazi). Ziko nyingi, kila moja na mchango wake mdogo. Zinazotajwa sana ziko kwenye kromosomu ya 17 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), zilitambuliwa mwaka 2007, na zinahusiana hasa na pumu inayoanza utotoni. Athari yake imeonekana kuwa kubwa zaidi kwa watoto waliovutishwa moshi wa sigara wakiwa wadogo. Kwa hiyo kama shemeji anavuta (na pumu yake hiyo!), aanzie hapo.

Ukitaka kuona nguvu ya damu, tazama Tristan da Cunha, kisiwa kidogo cha Atlantiki ya Kusini. Wakazi wake, mia mbili na ushee, wametokana na walowezi wachache sana, baadhi yao wakiwa na pumu, na vizazi vyao pumu imewaandama kupita kawaida. Lakini hata mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mmoja anaweza kubanwa kifua usiku kucha na mwenzake amelala fofofo.