Maswali ya Wasomaji: Kodi ya G Inayofunika Banjo

SWALI: Napiga gitaa la rithimu kwenye kikundi cha bluegrass (muziki wa Kimarekani wa ala za nyuzi) huku Tennessee. Wapiga banjo na mandolini wanalalamika kwamba kodi yangu ya G (kodi: noti kadhaa zinazolia pamoja) ni nzito, inawafunika. Mmoja kanishauri nilegeze uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, ushuke hadi noti ya D. Nifanyeje?

JIBU: Rekebisha kodi kwanza, tyuning (jinsi nyuzi zilivyokazwa) iache ilivyo. Ukishika G nzima, uzi wa sita unatoa G na wa tano unatoa B. Noti hizo ziko chini na zimekaribiana (takriban Hz 98 na 123, yaani mitetemo kwa sekunde), ndiyo maana zinavurugana. Hiyo B banjo na waimbaji wanayo tayari.

Iondoe hivi: kidole cha kati kishike uzi wa sita freti ya 3 (freti ni vile vyuma vya shingoni), ukilaze kidogo ili kiguse uzi wa tano na kuuzima. Uzi wa nne na wa tatu uache wazi, bila kushikwa. Kidole cha pete na cha mwisho vishike uzi wa pili na wa kwanza, freti ya 3. Zinabaki G na D tu. Ukisikia A ikilia katikati, kidole cha kati kimesimama mno. Kwenda C, hivyo viwili vya mwisho visibanduke: cha kati kihamie uzi wa tano freti ya 3, cha shahada uzi wa nne freti ya 2. Noti ya besi, ile ya chini, ipige kwenye pigo la 1 na la 3. La 2 na la 4, mandolini inapokata kwa pigo fupi, chapa nyuzi nyembamba tu.

Ushauri wa kushusha uzi unafaa kwa nyimbo za kii ya D (zinazojengwa juu ya noti ya D), lakini una gharama. G ya besi inahamia freti ya 5, na vipande vya besi ulivyozoea kuanzia freti ya 3 vinaharibika. Kushika kodi ya G, itabidi cha shahada kilalie nyuzi mbili za kwanza freti ya 3, cha pete kifike freti ya 5 ya uzi wa sita na kuzima uzi wa tano. Uzi mwembamba ukilegezwa hugonga freti. Seti ya nyuzi ya 13 hadi 56 (unene kwa elfu za inchi) huvumilia zaidi. Shusha chini ya D kisha upandishe, halafu kagua nyuzi nyingine, maana hupanda kidogo.

Kwa kii ya E ipo njia rahisi: kapo (kibano cha shingoni) freti ya 2 ifunike nyuzi tano, ya sita ibaki wazi. Shika umbo la D, upate E nzito chini, na umbo la G halibadiliki hata kidogo. Kapo ya kubana iingize kutokea upande wa uzi wa kwanza. Mpira wake ukigusa uzi wa sita, utakwaruza.