Penseli ya Shangazi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Siku zako za kwanza kazini, nani alikupokea?" Mimi nilipokelewa na mbu.

Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya zuolojia, nikapata kazi ya usaidizi kwenye maabara ya utafiti wa malaria, ambayo sitaitaja. Koti jeupe nililipiga pasi mara mbili. Asubuhi nikaingizwa chumba cha kufugia mbu: nyuzi joto 27, unyevu kama asilimia 80, dirisha hakuna. Dakika kumi tu koti limeshanigandia mgongoni. Kazi yenyewe kulisha viluwiluwi. Hula chakula cha samaki wa mapambo, kilichosagwa kama unga wa pilipili. Unachukua kwa ncha za vidole, unanyunyiza, basi. Mimi kwa huruma za ugeni nikawamwagia. Kesho yake maji yameweka utando, yananuka, na beseni zima limekufa.

Aliyekuja kutazama ni fundi wa maabara, mama wa makamo ambaye pale kila mtu alimwita Shangazi, hadi wenye udaktari wa falsafa. "Mwanangu, uliwaalika harusini?" Akacheka, akanipa beseni lingine. Ndiye aliyenionyesha kiluwiluwi wa anofelesi, mbu waenezao malaria, akilala sambamba na uso wa maji kama kijiti, na wa kuleksi, jamii nyingine ya mbu, akining'inia kichwa chini. Mchoro huo niliuchora kwenye mtihani nikapata alama zote. Wenyewe sikuwa nimewahi kuwaona.

Lakini wiki ya pili ndiyo iliyonitoa jasho kweli. Mitego ya taa hutundikwa karibu na kitanda chenye chandarua, tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Walipoletwa mbu kutoka kijiji cha wakulima wa mpunga, nikaambiwa kila mmoja nimtie kwenye kijichupa chake chenye ethanoli, yaani spiriti ya kuhifadhia, niandike namba ya nyumba na tarehe. Nikaandika juu ya vifuniko kwa maka peni, mwandiko wa kuringia. Usiku vijichupa viwili vitatu vikavuja. Asubuhi nakuta kasha lina rangi ya samawati, na vifuniko 23 vyeupe pe.

Mtu wa nje atasema mbu ni mbu tu. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, aina mbili za anofelesi, hata kwa hadubini huwatofautishi. Unakata mguu, unatoa DNA, unapima kwa PCR, kipimo cha vinasaba. Na tabia zao ni mbali: wa kwanza hupenda sana damu ya mtu na huuma ndani ya nyumba, wa pili huenda hata kwa ng'ombe na huuma pia nje, ambako chandarua hakipo. Kwa hiyo kipimo kingeniambia kila mmoja ni nani. Alikotoka, ng'o.

Nilikaa na siri hiyo hadi baada ya chakula cha mchana. Nakiri, nilifikiria kukisia. Nilikumbuka kidogo mpangilio wa kasha, na asingejua mtu. Shangazi akapita, akatazama kasha, akanitazama mimi. Hakusema neno. Alichomoa penseli kwenye kilemba chake, akaandika namba kwenye kipande cha karatasi kisichozidi ukucha, akakidumbukiza ndani ya ethanoli, akafunga, akatikisa kama anachanganya dawa ya mtoto. Namba ikabaki vilevile.

"Wino huyeyuka humo. Penseli haiyeyuki."

Kisha akanifungulia daftari la maabara, na huko sheria ni kinyume: kalamu tu, penseli marufuku, kufuta marufuku. Ukikosea unapiga mstari mmoja, ili kosa lisomeke, unaweka tarehe na saini. Ndani ya chupa penseli, ndani ya daftari kalamu. Wiki nzima nilikuwa nachanganya.

Nikaandika: "Sampuli 23, nyumba hazijulikani, kosa langu." Mkono ulitetemeka kwenye saini. Mkuu wa mradi alisoma, akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nimeshakula.

Penseli ninayo mpaka leo, imebaki kama kidole gumba. Shangazi hajaidai.