Pima umbali kwanza: ushauri kwa anayetafuta herufi kwa asembli

Vijana wanaojifunza programu hapa Mtwara huniuliza mara kwa mara namna ya kuongeza kasi ya rutini, yaani kipande cha programu, inayotafuta herufi moja ndani ya maandishi marefu. Wengi wao wameshaingia kwenye asembli, lugha ya maagizo ya prosesa yenyewe, na wanachotaka ni kutajiwa agizo lenye kasi. Mimi huwarudishia swali: hiyo herufi iko mbali kiasi gani na pale unapoanzia? Jibu la swali hilo linaamua karibu kila kitu kinachofuata, na ni wachache waliowahi kulihesabu.

Mimi kazi yangu kubwa ni mafaili ya mauzo ya korosho. Msimu ukifunguliwa mwezi wa kumi, vyama vya msingi vinapokea mizigo, maghala yanajaa, minada inaanza, na kila mzigo wa mkulima unageuka kuwa mstari kwenye faili. Mstari wenyewe unafanana na huu, ambao nimeutunga kwa mfano:

```
20417,Nanyamba,1,352,2024-11-09
```

Hesabu. Namba ya mkulima pamoja na mkato wake ni baiti 6 (hapa kila herufi ni baiti moja), mahali 9, daraja 2, kilo 4, tarehe pamoja na alama ya mwisho wa mstari 11. Jumla 32. Linganisha na faili la kumbukumbu za seva, ambako mstari mmoja unaweza kupita baiti 300 na unachotafuta ni mwisho wake tu. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, na rutini inayong'ara kwenye moja inaweza kudorora kwenye nyingine.

Kwa umbali mrefu njia inajulikana. Kitanzi cha kawaida kinachukua baiti moja, kinalinganisha, kinaruka, kinarudia. Wengi wakikichoka hukimbilia `repne scasb`, agizo lililokuwepo tangu prosesa ya 8086 ya mwaka 1978, kwa sababu linaandikwa kwa mstari mmoja. Liache. Intel waliipa kasi `rep movsb` (ya kunakili) na `rep stosb` (ya kujaza) kuanzia kizazi cha Ivy Bridge, lakini `scasb` haikuwemo, na kwenye mashine nyingi tunazotumia bado inajikokota. Usivutwe pia na `pcmpistri`, agizo la kulinganisha maandishi la SSE4.2. Kwa herufi moja tu ni nzito kuliko inavyostahili.

Kila prosesa ya x86 ya biti 64 ina SSE2, maagizo ya kushughulikia baiti nyingi kwa pamoja, na rejista zake (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) zinabeba baiti 16. Jaza herufi unayoitafuta kwenye nafasi zote 16 za `xmm1`, hakikisha `rdi`, rejista inayoshika anwani ya maandishi, imeanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa 16, kisha:

```
.endelea:
    movdqa   xmm0, [rdi]
    add      rdi, 16
    pcmpeqb  xmm0, xmm1    ; Linganisha baiti 16 kwa pamoja
    pmovmskb eax, xmm0     ; Biti moja kwa kila baiti
    test     eax, eax
    jz       .endelea
    bsf      eax, eax      ; Biti ya kwanza iliyowaka
    lea      rax, [rdi+rax-16]
```

`pcmpeqb` inaandika 255 palipofanana na 0 pasipofanana, halafu `pmovmskb` inachukua biti ya juu ya kila baiti na kukupa namba ya biti 16. Ukitaka kwenda mbele zaidi, pakia vipande vinne, unganisha matokeo kwa `por` na ukague mara moja kwa kila baiti 64, ambao ndio upana wa mstari mmoja wa kache, kumbukumbu ya haraka ya prosesa. Lakini nikwambie ukweli: `memchr`, rutini ya kutafuta baiti iliyomo kwenye glibc, maktaba ya C ya Linux, imeandikwa kwa mtindo huu huu, na ina toleo la AVX2 linalobeba baiti 32 kwa mara moja. Andika ya kwako ili ujifunze. Kwenye kazi ya watu, iite hiyo iliyopo.

Mafaili ya korosho ndiyo yanayostahili asembli ya mkono wako. Ukiita `memchr` kwa kila mkato, unalipa gharama ya kuiita, ya kuweka anwani sawa na ya kujaza rejista, kisha jibu linapatikana baiti mbili mbele, na unaanza upya. Baiti ulizokwisha kuzilinganisha unazitupa, halafu unazilinganisha tena. Kuna na gharama nyingine isiyoonekana kwenye msimbo. Umbali kati ya mikato haukai mahali pamoja: majina ya vijiji yanatofautiana urefu, na kilo zinaweza kuwa tarakimu mbili au nne. Prosesa hukisia mapema kila mruko utaelekea wapi. Ikikosea, inatupa kazi iliyokwisha kuianza, na kwenye prosesa za kisasa za Intel hasara hiyo ni mapigo ya saa kama 15 hadi 20. Hayo ni mapigo mengi kwa kuvuka baiti nne.

Dawa ni kutenganisha kutafuta na kutumia. Chukua baiti 64. Zilinganishe zote na mkato, kisha na alama ya mwisho wa mstari, na uunganishe majibu kwa `por`. Toa maski nne za biti 16, yaani zile namba za `pmovmskb`, na uzipange kwenye rejista moja ya biti 64. Sasa unayo ramani ya kila mpaka ulio ndani ya kipande hicho. Kwa mistari kama ule wa juu, kipande kimoja kinabeba mistari miwili, yaani biti 10 zilizowaka. Kila biti unaipata kwa `tzcnt`, unaizima kwa `blsr`, na unaendelea hadi rejista ibaki sifuri. Ulinganishaji umefanyika mara moja tu, na kitanzi chako kinatembea juu ya majibu matupu. Usiogope maandishi ya UTF-8 hapo: baiti ya mkato haitokei kamwe ndani ya herufi yenye baiti nyingi.

Angalia tu mashine itakayoendesha programu. Kompyuta nyingi ninazozikuta maofisini huku kwetu ni za mtumba, na kwa upande wa Intel `blsr` ilikuja na kizazi cha Haswell mwaka 2013. Kwenye mashine ya zamani zaidi programu itakufa papo hapo. `tzcnt` yenyewe haina tabu, maana prosesa za zamani huisoma kama `bsf`, na rejista isipokuwa sifuri jibu ni lile lile. Badala ya `blsr` tumia `lea rdx, [rax-1]` ikifuatiwa na `and rax, rdx`. Ninaitumia hiyo popote, na sijaona sababu ya kuiacha.

Kama faili linasomwa kutoka diski ya kuzunguka, pima kwanza muda wa kulisoma bila kulichambua. Ukikuta ndiko muda mwingi unakoishia, asembli haitakusaidia kitu.

Kinachoangusha rutini hizi kuliko kingine chochote ni mipaka. Kusoma baiti 16 kutoka anwani inayogawanyika kwa 16 hakuwezi kuvuka ukurasa wa kumbukumbu, kwa kuwa ukurasa una baiti 4096. Kusoma kutoka anwani yoyote ile kunaweza kugusa ukurasa usio wako, na mfumo ukakuua. Kwa hiyo shusha anwani kwa `and rdi, -16`, soma kipande kizima, kisha ondoa biti za baiti zilizotangulia kwa kusogeza maski kwa `shr`. Kama bafa, eneo la kumbukumbu unamoweka maandishi, ni yako mwenyewe, tenga baiti 64 za ziada mwishoni na uweke hapo alama ya mwisho wa mstari. Kitanzi hakitahitaji kukagua urefu kila mara.

Halafu jaribu kwa ukali. Omba kurasa mbili kwa `mmap`, ufunge ya pili kwa `mprotect` isisomeke, na uweke maandishi yako yaishie kwenye baiti ya mwisho ya ukurasa wa kwanza. Zungusha mwanzo kwenye nafasi zote 64, na kwa kila nafasi weka herufi mwanzoni, katikati, mwishoni, na baiti moja kabla ya mwanzo, ambayo rutini haitakiwi kuiona. Jaribio hili lifanyie toleo linaloshusha anwani na kukagua urefu, maana lile la bafa yenye ziada linasoma kupita mwisho kwa makusudi. Likipita lote bila kufa na majibu yakalingana na ya kitanzi cha baiti moja moja, hapo ndipo uanze kupima kasi.