Kaye kujaa si kusoma: namna ya kufanya rezime ya masomo yote

Wadogo zangu wa humanite, ile sekondari ya juu, tuongee kidogo ju ya hizi kaye, madaftari yenu. Mimi nilimaliza biyo-shimi hapa Goma na sasa jioni niko nasaidia watoto wa kartie yetu, kule Katindo, na kila mwaka ni kitu ileile: mtoto anakuja na kaye safi kabisa, tite zimepigwa mstari na biki nyekundu, kila kitu profe alisema iko ndani, lakini ukifunika ile kaye na kumuuliza "sasa hapa wanasema nini?" anakuangalia tu.

Manote ya profe ni ya profe. Rezime, ule ufupi wa somo wa kwako mwenyewe, inaanza pale unafunga kaye, unakamata karatasi nyeupe, na unaandika ile tu imebaki kichwani. Itakuwa kidogo na itakuchoma roho, usijali. Kisha fungua kaye, na biki ya rangi ingine jaza ile ulisahau. Ile rangi ya pili njo itakuonyesha kesho urudilie wapi, yote ingine unaiacha. Rudilia kesho, rudilia tena wiki ijayo, kila mara kwa karatasi mpya. Kuna Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima yeye mwenyewe kwa kushika silabi zisizo na maana yoyote, akaonyesha kama mtu anasahau mbio sana mwanzoni kisha inapunguza mwendo, na kila ukirudilia kazi inakuwa nyepesi. Alitoa hiyo kazi 1885, mwaka uleule Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, alijipatia Kongo, basi mumeshika tarehe mbili kwa bei ya moja.

Na andika maelezo kwa lugha unayofikiria nayo. Kiswahili ni sawa kabisa, acha tu maneno ya mtihani kwa Kifaransa ju Exetat, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, itakuuliza kwa Kifaransa.

Historia njo watoto wengi wanaharibu, ju wanashika tarehe kama namba za telefone. Chora mishale. Andika 1885, Leopold II na ile État indépendant du Congo yake, koloni ya mfalme peke yake. Mshale. 1888, John Boyd Dunlop kule Belfast anapata hati ya tairi ya kujaza upepo, na juu ya kila mshale jiulize "ju ya nini?" na ujibu: baiskeli, kisha motokari, zinataka mpira, bei inapanda, na mpira iko mu pori yetu. Mshale: watu wanalazimishwa kutafuta mpira, wanapigwa, wanakatwa mikono. Mshale: 1904 ripoti ya Roger Casement, konsul wa Uingereza, inatoka, kelele inakuwa kubwa ulaya. Mshale: 1908 Ubelgiji inakamata koloni kutoka mikono ya mfalme. Paji moja tu, na hauna tena haja ya kukariri ju kila tarehe inavuta ingine. Fanya vilevile kwa 1960: tarehe 30 Juni uhuru, 5 Julai askari wa Force Publique, lile jeshi la tangu ukoloni, wanaasi, 11 Julai Katanga inajitenga. Hata wiki mbili hazijaisha! Ukiziandika karibukaribu hivyo, swali la sababu linakuja peke yake.

Sasa sayansi, na hapa nitakaa kidogo. Sie tuko na tabia ya kufunga kila somo mu kaye yake, eti hii ya shimi, hii ya jeografia, hii ya biyoloji, na hazisalimiane. Kamata mazuku, ile gesi ya kuua inatoka mu udongo. Mtoto wa Goma anajua mazuku kabla ya kujua kusoma: kule upande wa Lac Vert na njia ya Sake, mbuzi inashuka asubuhi mapema mu shimo fulani na hairudi. Mwaka jana nilimpa mdogo mmoja wa ya tano kazi ya kuiweka yote mu paji moja. Alichora shimo, mbuzi ndani, mtu amesimama pembeni. Kutoka kaye ya jeografia akaandika: bonde la ufa, volkeno Nyiragongo na Nyamulagira, gesi ya chini inapanda kupitia nyufa za mawe. Kutoka shimi: CO2, kaboni 12, oksijeni 16 mara mbili, jumla gramu 44 kwa moli. Akaniuliza, "Yaya, na hewa je?" Nikamwambia hesabu mwenyewe. Hewa ni azoti kwa wingi, 28, na oksijeni 32 kidogo, ukichanganya unapata karibu 29. Gawanya 44 kwa 29: karibu 1,5. Basi hiyo gesi, kwa joto na presio sawa, iko nzito kupita hewa mara moja na nusu, njo maana inalala chini, inajaa mu shimo usiku wakati hakuna upepo, na upepo wa mchana unaipunguza. Kutoka biyoloji akaongeza: mbuzi inapumua karibu na udongo, inavuta CO2 mahali pa oksijeni, mtu mzima kichwa yake iko juu lakini akiinama ni hatari, na mtoto mdogo hana hata haja ya kuinama.

Ile paji hakuisahau. Kisha tukaenda mbele na ziwa yetu. Chini ya Kivu kuna CO2 na metani imeyeyuka ndani ya maji, na ziwa iko na zaidi ya metre 450 pale penye kina. Kila metre 10 ya maji inaongeza karibu atmosfere moja, basi kule chini kuna zaidi ya 45 zinafinya, na kufinywa huko njo kunashika gesi isitoke. Metani ni 16 tu, nyepesi kupita hewa, ikitoka inapanda, tofauti na mazuku. Fizike, shimi na jeografia, kwa hesabu ya darasa la ya tatu.

Fizike yenyewe sina mingi: fomula bila inite, yaani kipimo, haina kazi. Usiandike tu U = R × I, andika volti, omu, ampere, na chini yake mfano uliohesabu wewe. Ampuli ya wati 60 kwa volti 220 inavuta 60/220, karibu ampere 0,27. Basi.

Informatike inanisikitisha, ju watoto wanakariri maana ya RAM, ile memori ya kazi ya kompyuta, bila kugusa mashine. Kama shule haina, lipia nusu saa kwa sekretaria publike, pale wanaandikia watu barua kwa kompyuta, lakini nenda na hatua umeziandika tayari kwa karatasi. Na andika fomula kwa lugha mbili, kwa mfano ya kujumlisha: Excel ya Kifaransa inataka =SOMME(B2:B9), ile ya Kiingereza inataka =SUM(B2:B9), na hauwezi kujua mapema utapewa gani. Namba za binari, zile za 0 na 1 tu, hazina hata haja ya umeme: 13 ni 8 + 4 + 1, basi 1101.

Hizi picha za kaye munatumiana kwa WhatsApp, mimi sizipendi. Zinakula mega, na mtu akishaziweka mu telefone anaona kama amesoma. Fotokopi ni vilevile. Lakini item, yaani maswali ya Exetat ya kuchagua jibu, za miaka iliyopita ni nzuri, fanya za culture générale, sayansi, lugha na opsio yako, kaye ikiwa imefungwa. Ukikosa, usiandike jibu peke yake, andika ju ya nini ulichagua ile ingine, ju mtego uleule utarudi na namba zingine.

Na wiki ya mtihani rezime yako usiazimishe, hata kwa binamu yako. Mwambie akuje mukae chini pamoja, umueleze paji kwa paji bila kuangalia, na pale utakwama, kamata ile biki ya rangi ya pili.