Vifungo vya Saspenda kwenye Suruali: Maelekezo kwa Fundi Anayeanza

Msimu wa harusi ukikolea, fundi huletewa suruali sita za rangi moja, mfuko wa saspenda (mikanda ya mabegani inayoshikilia suruali) na agizo moja: "Tutilie vifungo, fundi, tunavaa Jumamosi." Kazi inaonekana ndogo, kwa hiyo huachiwa mwanafunzi. Ndiyo maana pia hurudi upesi. Kifungo kimoja kikitoka ukumbini, suruali hushuka upande mmoja, na msindikizaji wa bwana harusi humaliza usiku ameshikilia kiuno kwa mkono. Ukiichunguza suruali hiyo Jumatatu utakuta kifungo kizima, uzi mzima, na tundu kwenye bitana. Kifungo kilishonewa mahali pasipo na nguvu.

Kifungo cha shati kinafunga. Cha saspenda kinabeba: kitambaa cha suruali, simu, funguo, pochi, na mvuto wa kwenda juu kila mwenye suruali anapoinama, anapokaa au anaponyanyua mikono kucheza. Ukikumbuka hilo muda wote wa kushona, mengi yanayofuata utayaelewa bila kuyakariri.

Anza na saspenda yenyewe

Usipige chaki kabla hujaiona saspenda. Nyingi za madukani ni za klipu, na hizo hazihitaji kifungo. Klipu ina meno yanayoacha alama kwenye kitambaa laini, na juu ya kiuno kinene cha suruali huteleza mtu akiinama. Za vifungo zina ndimi za ngozi au za utepe zenye matundu. Zipo zinazokuja na vyote viwili, klipu na ndimi za ngozi, unabadilisha utakavyo. Mteja akikuletea za klipu tupu na anataka vifungo, mwambie hapohapo akabadilishe. Akiagiza mtandaoni kutoka Uingereza, atafute neno "braces", maana huko "suspenders" ni vishikizo vya soksi ndefu za kike.

Saspenda ya kawaida inataka vifungo sita: vinne mbele, viwili kila upande, na viwili nyuma. Hiyo ni ile inayoungana mgongoni na kushuka kwa ulimi mmoja wenye matundu mawili. Ile inayopishana mgongoni na kushuka kwa ncha mbili huenda ikataka vifungo vinne nyuma. Hesabu matundu, usikisie.

Ukubwa wa kifungo hupimwa kwa namba zenye herufi L, ambapo L 40 ni inchi moja. Kifungo cha shati ni L 18, yaani milimita 11 hivi, na hicho hakifai: hupenya tundu la ngozi na kutoka chenyewe. Tumia L 24 hadi L 28, kuanzia milimita 15 hadi 18. Ukilazimika kuchagua bila kuiona saspenda, chukua L 27, yaani milimita 17. Kiwe na matundu manne, kingo zake ziwe laini, na kiwe bapa. Kifungo chenye kingo kali hukata ngozi, na kilichobinuka hukwaruza tumbo. Kipitishe kwenye tundu la ngozi kabla ya kushona. Kikiingia kwa kusukumwa kidogo, kinafaa. Kikiingia chenyewe, kitatoka chenyewe.

Vifungo vya jinzi, vile vya chuma vinavyogongwa kwa nyundo, viache kwa suruali nene za kazi. Vinatoboa kitambaa, na tundu lile halizibiki siku mteja akichoka na saspenda.

Je, suruali yenyewe inafaa?

Hapa wanafunzi hupita haraka, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla sindano haijaguswa. Suruali ya saspenda hukaa juu, karibu na kitovu, na huwa imelegea kiunoni kwa sentimita 2.5 hadi 5, kwa sababu inaning'inia kutoka mabegani. Suruali nyingi za siku hizi zimekatwa zikae chini ya kitovu na kubana nyonga. Ukizitia saspenda zinavutwa juu, zinabana katikati ya miguu, na upindo unapanda juu ya viatu. Pima mbele, kuanzia makutano ya mishono katikati ya miguu hadi ukingo wa juu wa kiuno. Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, ukipata chini ya sentimita 25, mweleze mteja mapema. Unaweza kumtilia vifungo, lakini atalegeza saspenda mpaka isifanye kazi yoyote.

Kama kiuno kinahitaji kupanuliwa au kupunguzwa, maliza hilo kwanza. Marekebisho hayo hupita kwenye mshono wa nyuma, na vifungo viwili vya nyuma hukaa kandokando ya mshono huohuo. Ukivishona kabla, utavifumua. Vilevile usikate upindo kabla mteja hajaivaa suruali na saspenda, kwa kuwa urefu hubadilika.

Lupu za mkanda ziache au zitoe, ni hiari ya mteja, ila mkanda na saspenda havivaliwi pamoja. Lupu zilitangulia kuwa nyongeza: Levi Strauss waliziweka kwenye jinzi zao mwaka 1922, na kwa miaka 15, hadi 1937, suruali hizo zilikuwa na lupu na vifungo vya saspenda kwa pamoja. Ukizitoa, fumua taratibu kwa ncha ya wembe, kisha piga pasi ya mvuke kufunga matundu. Kwenye kitambaa kilichopauka, chini ya lupu kutabaki alama ya rangi ya zamani, na hiyo haitoki. Mwonyeshe mteja kabla ya kufumua.

Na kabla ya yote geuza kiuno ndani nje. Suruali rasmi za mitumba wakati mwingine huja na vifungo hivi tayari, vimeshonwa kwa ndani. Watu wamevikata wakidhani ni vya akiba.

Kupiga alama

Mvalishe mteja suruali, ivute ikae mahali pake, kisha fanya kazi kwa pini na chaki. Kifungo cha kwanza cha mbele hukaa juu ya mstari wa pasi, ule unaoshuka katikati ya mguu, au juu ya rinda kubwa kama suruali ina marinda. Kwa suruali nyingi hapo ni mahali ambapo mkanda wa saspenda hushuka wima kutoka begani. Kifungo cha pili huelekea ubavuni, sentimita 7.5 hadi 9 kutoka cha kwanza, katikati ya kifungo hadi katikati ya kifungo. Nafasi hiyo huamuliwa na saspenda: tandaza ndimi zake mezani bila kuzivuta na upime umbali wa matundu. Ukivikaribisha mno, ngozi hujikunja katikati kama sikio. Ukivitenganisha mno, ndimi hutanuka kwa nguvu na kila kifungo huvutwa kwa mshazari.

Angalia mfuko. Kifungo cha pili kikiangukia pale mdomo wa mfuko unapoanzia, mfuko utakaa umefunguka kila saspenda inapovuta. Kisogeze sentimita moja kuelekea mbele. Angalia pia kisikae juu ya mshono wa ubavuni wenyewe, kwa maana unene wa hapo hukunja sindano na kifungo hukaa kimeinama.

Nyuma, pima sentimita 3.75 kila upande wa mshono wa kati, ili vifungo viachane kwa sentimita 7.5. Hapa pia ulimi wa saspenda ndio wenye neno la mwisho.

Kwa wima, katikati ya kifungo ikae sentimita 1.5 hadi 2 chini ya ukingo wa juu. Ukipandisha zaidi, kifungo huchungulia juu ya kiuno. Vyote sita viwe kwenye usawa mmoja, vikipimwa kutoka ukingoni. Usitegemee mshono wa chini wa kiuno, kwani mara nyingi haujanyooka.

Ndani au nje? Ndani ni nadhifu, na siku mteja hana saspenda hakuna anayejua. Nje ni mtindo wa suruali za kazi na za kizamani. Nyuma kuna mjadala wa haki: vifungo vya ndani humchoma mgongo mtu anayeendesha gari kutwa, vya nje hukwaruza viti. Muulize mteja anashindaje siku yake.

Kinachokaa nyuma ya kifungo

Bonyeza kiuno cha suruali kwa vidole viwili. Suruali iliyoshonwa vizuri ina kanvasi kati ya kitambaa cha nje na bitana, nawe utaisikia ngumu na yenye uzito. Hapo mshono wako unapita kwenye bitana na kuishika kanvasi barabara, bila kutokeza nje. Suruali ya bei rahisi ina kitambaa chembamba kilichogandishwa kwa pasi, ambacho baada ya kufuliwa mara kadhaa huachia gundi. Hicho hakibebi kitu.

Kwa suruali ya namna hiyo, fumua ukingo wa chini wa bitana ya kiuno kwa ndani. Ingiza kipande cha kanvasi au cha jinzi ya zamani iliyokwisha kufuliwa, chenye upana wa sentimita 3. Mbele, kipande kirefuke kutoka karibu na zipu hadi mshono wa ubavuni. Nyuma, sentimita 12 zinatosha, vikiwa vipande viwili vinavyoishia kwenye mshono wa kati, ili fundi atakayerekebisha kiuno baadaye asikutane na ukuta. Kishikize kwa mishono mikubwa ya mkono kisicheze, kisha funga bitana. Kipande kirefu ni bora kuliko viraka vidogo chini ya kila kifungo, kwa sababu husambaza mvuto. Kiraka kidogo huuhamisha tu, na kitambaa huchanika pembeni mwake.

Suruali nyingine zina utepe wa mpira kwa ndani, wa kuzuia shati lisitoke. Sindano hukwama humo, na uzi ukipita hapo huukata mpira polepole. Shona juu au chini ya mpira huo, na nafasi ikikosekana ufumue sentimita mbili tatu mahali pa kifungo.

Kushona

Tumia uzi imara wa poliesta. Kama una uzi wa cherehani tu, fanya nyuzi nne: kunja mara mbili, pitisha kwenye sindano. Uwe na urefu wa sentimita 50 kwa kifungo kimoja baada ya kukunjwa, maana uzi mrefu hujifunga mafundo na kuchakaa kwa kupita mara nyingi. Uburute kwenye nta, kisha uuweke kati ya karatasi mbili na kuupitishia pasi ya moto, ili nta iingie ndani. Nyuzi nne hushikana zikawa moja na haziachani. Vaa kastabini. Kanvasi na bitana vikipangana, kidole kitupu kitakufanya uvute mishono nusunusu.

Anza chini ya mahali kifungo kitakapokaa, ili fundo lifichwe. Piga mishono miwili midogo ya kurudi nyuma palepale. Weka kifungo, na juu yake, kati ya matundu, laza njiti ya kiberiti. Kwa ngozi nene laza njiti mbili. Pitisha uzi mara nne kwa kila jozi ya matundu, au mara tatu kama ni nyuzi nne. Mishono iende sambamba, isipishane kama msalaba, kwa kuwa nyuzi zinazopishana husuguana na kukatika pale zinapokutana. Kila mara mbili, geuza na utazame nje: tundu dogo au mkunjo ukionekana, umechoma kitambaa cha nje au umevuta mno. Fumua hapohapo.

Toa njiti, inua kifungo, zungushia uzi chini yake mara tano au sita kwa kukaza. Hilo ndilo shina, na kimo chake kiwe milimita 3 hadi 4. Bila shina, ulimi wa ngozi hauna pa kukaa, na mteja atakilazimisha mpaka kiachie. Shina refu kupita hapo nalo hulegea, kifungo kikainama na kutoka kwenye tundu. Maliza kwa mishono midogo mitatu kwenye shina lenyewe, kisha pitisha sindano katikati ya tabaka za kitambaa kama sentimita mbili kabla ya kukata. Fundo peke yake halitoshi, nta huliteleza.

Cherehani ya vifungo haifai kwa kazi hii. Hupiga hadi nje, na kwa kawaida haiachi shina. Mwanafunzi akihesabu dakika 10 kwa kifungo, suruali moja ni saa nzima, na suruali sita za harusi ni kutwa nzima. Panga bei na siku ya kukabidhi kwa hesabu hiyo, usiahidi "kesho asubuhi".

Kabla hajaondoka

Mvalishe tena, na saspenda ifungwe. Akae, achuchumae, anyanyue mikono yote miwili juu. Mbele pasionekane mvuto wa mshazari kuelekea zipu. Ukionekana, vifungo vya kwanza viko karibu mno na katikati. Kiuno kikipanda nyuma na kushuka mbele, mara nyingi kosa liko kwenye urefu wa saspenda, kwa hiyo irekebishe hiyo kabla ya kugusa vifungo. Kagua pia upande wa nje chini ya mwanga wa jua, kwani taa ya dukani huficha mikunjo.

Mwambie avue saspenda kabla ya kufua, kwa kuwa ngozi ikilowa na kukauka hukakamaa na matundu yake hupasuka. Mpe kifungo kimoja cha akiba, kishonwe ndani ya mfuko, maana kupata cha kufanana naye yuko ukumbini usiku wa Jumamosi ni shida.