Bwawa limejaa umeme, mbona kwetu taa zinafifia kila jioni?

Mleta mada ameuliza mambo manne kwa mpigo. Bwawa la Nyerere limekamilika, mbona kwake umeme unakuwa mdogo kila ikifika saa moja usiku? Umeme ukiwa mdogo, je, uniti nazo zinaliwa kidogo? Kinachoua ni volti (msukumo wa umeme) au ampea (wingi wa umeme unaopita)? Na ule waya wa ethi una kazi gani ikiwa vitu vyote vinawaka bila huo?

Nimepitia majibu ya wachangiaji na mengine yatamuunguzia mtu friji. Mimi ni fundi wayaringi, kazi zangu ni nyumba za watu, vioski na mashine za kusaga, kwa hiyo nitakaa zaidi upande ninaoushika kwa mikono.

Tuanze na bwawa. Pale Rufiji kuna mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Ni umeme mwingi kweli. Lakini wingi wa umeme unaozalishwa na volti zinazofika kwenye soketi yako ni vitu viwili tofauti. Uzalishaji ukipungua tunaona mgao: leo mtaa huu umekatiwa, kesho ule. Ukiona kwako taa zinafifia jioni wakati nyumba zilizo karibu na transfoma zinawaka vizuri, tatizo mara nyingi liko kwenye njia ya kuufikisha, hasa kile kipande cha mwisho kutoka transfoma ya mtaa hadi kwako.

Chukua kalamu. Tuseme nyumba yako iko mita 500 kutoka transfoma, na waya unaopita juu ya nguzo ni wa alumini wa milimita za mraba 50. Waya huo kwa urefu huo una ukinzani, yaani kiasi unavyouzuia umeme kupita, wa omu 0.28 hivi. Umeme unakwenda kwa fezi (waya wenye moto) na kurudi kwa nyutro (waya wa kurudi), kwa hiyo zidisha mara mbili: omu 0.56. Mchana watu wako kazini, laini yenu inabeba labda ampea 8. Zidisha ampea kwa omu, unapoteza volti 4 na nusu tu njiani. Hakuna anayezisikia. Jioni watu wanarudi, huyu anapiga pasi, yule kachomeka birika, fundi wa mageti anamalizia kazi ya kuchomelea, ampea zinafika 40. Sasa unapoteza volti 22 au zaidi. Transfoma inatoa 230, wewe unapata 207. Ampea zikifika 80 unapata 185, na hapo feni inazunguka kama inabembelezwa. Rufiji hawajapunguza chochote. Wanaweza kuongeza mitambo mingine tisa na kwako ikabaki 185 ileile.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini umeme husafirishwa kwa volti kubwa. Kutoka Rufiji kwenda Chalinze ni kilovolti 400. Laini ya kutoka Kidatu kuja Dar ni kilovolti 220. Ukitaka kusafirisha megawati moja kwa volti 230, kwa hesabu ya waya mbili tu, unahitaji zaidi ya ampea 4,300. Kwa kilovolti 220 unahitaji nne na nusu. Na joto linalopotea kwenye waya linakua kwa mraba wa ampea: ampea zikiongezeka mara mbili, hasara inakuwa mara nne. Ndiyo maana transfoma inatakiwa iwe karibu na watumiaji. Mtaa ukikua kutoka nyumba ishirini hadi mia mbili, na transfoma ikabaki palepale, watu wa mwisho wa laini wanaumia.

Sasa hili la uniti. Kuna mchangiaji kaandika kwamba umeme mdogo ni nafuu, "LUKU inapumua", yaani uniti ulizonunua kwenye mita zinadumu. Inategemea umechomeka nini.

Vitu vya joto, yaani pasi, jiko la koili, birika, kweli vinavuta wati chache volti zikishuka. Pasi ya wati 1,000 kwa volti 230 ikipata 180 inabaki na wati 610 hivi. Lakini nguo haijui hesabu zako, inataka joto lake. Birika ndiyo kabisa: lita moja ya maji inahitaji kiasi kilekile cha nishati ili ichemke, na ikichelewa, joto jingine linapotea hewani muda wote huo. Hujaokoa kitu.

Chaja za simu na runinga za kisasa hazijali. Soma nyuma ya chaja yako, utakuta imeandikwa volti 100 hadi 240. Volti zikipungua inavuta ampea zaidi ili wati zibaki zilezile.

Friji ndiyo yenye kesi. Mle ndani kuna mota inayosukuma kompresa, na mota inahitaji nguvu kubwa kuliko zote pale inapoanza kuzunguka. Volti zikiwa chini sana inajaribu kuanza, inashindwa, na wakati imekwama inavuta ampea nyingi kuliko kawaida. Utasikia nyuma ya friji: nguruma sekunde chache, halafu tak. Kimya. Baada ya dakika kadhaa, nguruma tena, tak. Ile tak ni kinga ya joto inayokata kabla waya za mota hazijaungua. Nayo ina mwisho wake. Ukisikia mlio huo jioni, chomoa friji na usiifungue ovyo. Vyakula vitakaa na ubaridi wao mpaka watu walale na volti zipande.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa kwenye uzi huu, nalo kwangu ndilo baya kuliko umeme mdogo. Ni nyutro kukatika au kulegea.

Umeme unaotoka transfoma ya mtaa una fezi tatu. Kati ya fezi na nyutro ni volti 230, kati ya fezi na fezi ni 400. Nyumba nyingi zinapewa fezi moja na nyutro. Jirani anaweza kuwa kwenye fezi nyingine, lakini nyutro ni moja kwenu wote. Ikikatika huko nyuma, umeme unatafuta njia: unaingia kwa fezi yako, unapita kwenye vyombo vyako, unatokea kwenye nyutro yako, unaingia kwa jirani na kurudi kwa fezi yake. Nyumba zenu mbili sasa zimeungwa mfululizo kwenye volti 400, na mnagawana kufuatana na ukinzani wa kila nyumba. Jirani kawasha pasi na birika, wati 2,000 jumla. Wewe una runinga na taa, wati 200. Ukifanya hesabu, jirani anabaki na volti 36 hivi na wewe unapokea 364. Yeye anashangaa birika halichemki, wewe unasikia harufu ya runinga inaungua.

Niliitwa kwenye nyumba ya wapangaji pembezoni mwa Dar kwa shida hiyohiyo. Vyumba vya upande mmoja taa zilikuwa nyekundu kama mkaa unaozimika, vya upande wa pili balbu zilikuwa nyeupe zinaumiza macho na mbili zilishapasuka. Wenyewe walikuwa wanabishana nani kachezea mita. Nilifungua boksi la ndani lililogawa fezi, nikakuta skrubu ya nyutro imelegea, plastiki pembeni imeyeyuka na shaba imegeuka nyeusi. Kiungo kilicholegea kina ukinzani, ukinzani unaleta joto, joto linazidi kulegeza, na mzunguko unaendelea hivyo hadi waya unaachia. Kwa hiyo mkuu, ukiona taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kiasi wakati za kingine zinafifia, usisubiri fundi wala usipige picha. Zima meni swichi kwanza.

Volti au ampea? Kinachodhuru mwili ni mkondo, yaani ampea, unaopita ndani yake, ila bila volti za kuusukuma haupiti. Betri ya gari inaweza kutoa ampea zaidi ya mia wakati wa kuwasha injini, lakini ukishika vichwa vyake kwa mikono mikavu husikii kitu, kwa sababu volti 12 hazitoboi ukinzani wa ngozi. Volti 230 zinatoboa. Ukinzani wa mwili uliolowa unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya, unapata miliampea 230 (miliampea elfu moja ni ampea moja). Miliampea 50 hadi 100 zikipita kifuani zinatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Tesita ya bisibisi haikuui kwa sababu ndani yake kuna rezista (kizuizi cha mkondo) ya karibu omu milioni moja, hivyo kinachopita kwako hakifiki hata nusu miliampea. Ukikuta tesita imepasuka mpini, itupe. Na ndege anayekaa kwenye waya wa juu miguu yake yote iko kwenye volti zilezile, hakuna kinachomsukuma mkondo kupita kwake.

Hapo ndipo ethi inapoingia. Friji ikipata hitilafu, fezi ikagusa bodi ya chuma, bila ethi bodi yote inakaa na volti 230 ikimsubiri mtoto aliyetoka kuoga. Ikiwa na ethi, umeme unapata njia ya kwenda ardhini. Lakini msiishie hapo kama mafundi wengi wanavyoishia. Fimbo ya shaba iliyopigwa kwenye udongo mkavu inaweza kuwa na ukinzani wa omu 20 au zaidi. Volti 230 kwa omu 20 ni ampea 11 na nusu. Breka yako ya soketi ni ya ampea 20. Haitakata! Umeme utaendelea kumwagika ardhini, uniti zinakwenda, na bodi bado ina volti za kurusha mtu. Kinachokata ni RCD, ile breka pana yenye kitufe kilichoandikwa T. Yenyewe inalinganisha mkondo unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30 inakata chini ya nusu sekunde. Bonyeza kile kitufe kila mwezi. Isipokata, badilisha. Na wale waliofunga ethi kwenye bomba la maji, kumbukeni mabomba ya siku hizi ni ya plastiki. Hayapeleki chochote ardhini.

Kuna pia wanaolalamika kwamba uniti zinayeyuka, yaani zinaisha haraka; hilo nitalijibu kwa kifupi. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Chaja ya simu acheni kuisingizia: betri ya miliampea-saa 5,000 inabeba wati-saa 19 hivi, hivyo kuchaji kila siku mwezi mzima hakufiki uniti moja. Shawa ya maji moto ya wati 3,500, watu wanne wakioga robo saa kila mmoja, ni uniti 3 na nusu kwa siku. Zaidi ya 100 kwa mwezi. Kwa aliye kwenye tarifu ya matumizi madogo yenye kikomo cha uniti 75, shawa peke yake imemtoa. Na manunuzi ya kwanza ya mwezi kuleta uniti chache si mita mbovu, ni kodi ya jengo inakatwa humo.

Kuhusu stabilaiza ambayo wengi mmemshauri anunue: itasaidia friji, ila haitengenezi umeme. Inapandisha volti kwa kuvuta ampea zaidi kwenye waya uleule uliochoka, na wa nyuma yako kwenye laini anazidi kufifia. Mtaa mzima mkinunua, mmerudi mlipokuwa.

Mleta mada, tafuta mita ya kupimia, ya bei nafuu inatosha. Pima kwenye soketi saa nne asubuhi, halafu saa moja na nusu usiku. Mara ya pili pima ukiwa umezima vitu vyako vyote, kisha ukiwa umewasha pasi. Volti zikianguka sana pale tu unapowasha pasi yako, angalia kwanza viungo vya nyumbani na waya wako wa kutoka nguzoni. Zikiwa chini hata ukiwa umezima kila kitu, ni laini ya mtaa. Nenda na namba hizo ofisi ya umeme ya eneo lako pamoja na majirani, ombeni kuhamishiwa fezi yenye mzigo mdogo au kusogezewa transfoma. Ziweke na hapa, utaje umbali wako hadi transfoma na unene wa waya, tuzipitie.