Kofia ya habu ikikataa kutoka, weka grinda chini kwanza

Juzi usiku nimepata mesej ya kijana mmoja hapa Nairobi. Amenunua Datsun ya zamani, ameinua mbele, ametoa tairi, anataka kupaka beringi grisi mpya, na ile kofia, kile kifuniko cha katikati ya habu (kitovu chenye gurudumu hufungwa juu yake), imekataa kutoka kabisa. Ati fundi wake amemwambia wakate na grinda halafu watatafuta ingine mbele ya safari. Nilikuwa nimelala, nikaamka nikakaa kitandani nikamjibu neno moja tu, USIKATE. Halafu usingizi ukapotea kabisa, kwa sababu hiyo kitu inaniuma mpaka leo na sijawahi kuiandika yote.

Wenye hunisoma wanajua gari yangu ni Datsun 240Z ya 1972. Nilirithi kutoka kwa mjomba wangu, ndugu ya mama. Mjomba aliipenda hiyo gari kabla hajaimiliki, 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally na 240Z, 1973 Shekhar Mehta akashinda na 240Z tena, na mjomba alikuwa kati ya wale vijana wa kusimama kando ya barabara matope mpaka magotini wakingoja magari yapite. Miaka mingi baadaye akapata yake, imetumika, akaitunza kama mtoto. Magurudumu ya mbele hakuwahi kumwachia fundi yeyote, alikuwa anafungua mwenyewe hapo nje Buruburu, anaketi kwa kistuli, redio imewekwa juu ya boneti ya gari ya jirani. Alipoaga gari ikakaa chini ya turubai muda mrefu sana kabla mimi niiamshe. Habari ya injini na kabureta sitaingilia leo, hiyo ni hadithi ndefu na haina raha.

Sasa makosa yangu. Gari ilipoanza kutembea nikasema beringi za mbele zifunguliwe zipakwe grisi. Nilikuwa na kazi nyingi, nikapeleka garage fulani, nikaacha funguo asubuhi, nikarudi jioni. Nikaambiwa imekuwa sawa mzee. Nikainama upande wa kushoto na moyo ukashuka. Ile kofia ilikuwa imebonyea kama kikombe cha bati kimekanyagwa na ng'ombe, ukingo wake una meno ya patasi pande mbili, imekaa upande, na pale ilibaki uwazi mtu amepaka silikoni nyekundu na kidole. Nikauliza hii ni nini. Akanijibu, hicho ni kifuniko tu, hakina kazi. Nikalipa nikaenda. Hapo ndipo huwa najilaumu, si pesa, ni kule kunyamaza.

Wacha niseme kazi yake basi, kwa sababu hata wenye magari wengi hawajui. Hizi gari za zamani za kuendeshwa na magurudumu ya nyuma, habu ya mbele inazunguka juu ya beringi mbili za roli zenye umbo la koni, ingine ya ndani ingine ya nje. Ile ya nje imeshikwa na washa, nati na spliti pini, kile kipini cha kuzuia nati isilegee. Baada ya hapo hakuna kitu kingine kati ya beringi yako na vumbi la Nairobi isipokuwa hiyo kofia ya bati jembamba. Ndani kuna sili, pete ya raba ya kuziba, upande wa nyuma, nje kuna kofia. Ukiacha mlango mmoja wazi umeacha nyumba wazi.

Mvua ya masika ikaja. Nikapita kwa maji Outering, nikapita Lusaka Road, na sikujua ninachokifanya. Mwezi wa sita nikaamua kwenda Naivasha kwa barabara ya chini, na kwenye ule mteremko wa kuelekea Mai Mahiu nikaanza kusikia mngurumo, kama kinu cha posho kikiwa mbali. Nikipinda kulia unaongezeka, nikipinda kushoto unapungua. Kumbe ukipinda kulia uzito wa gari unaegemea gurudumu la kushoto, kwa hivyo gari ilikuwa inanionyesha mahali penyewe. Nikasimama kando, nikaleta mkono karibu na habu ya kushoto, hata sijaigusa nasikia joto. Nilirudi Nairobi kwa brekidauni, nimekaa mbele na dereva, natazama gari ya mjomba kwa kioo ikiwa imefungwa minyororo.

Tulipofungua, grisi ilikuwa imegeuka kama chai ya maziwa. Roli zimeliwa vishimo vidogo vidogo, zingine zimeingia rangi ya bluu ya kuungua. Nilishukuru Mungu shafti yenyewe ilikuwa haijaguswa.

Upande wa kulia nikasema hapana, hakuna mtu atashika. Nikangoja Jumamosi nikafanya mwenyewe, na hii ndio nataka yule kijana asome pole pole.

Kwanza, hiyo kofia haina nyuzi. Usiizungushe kama kifuniko cha chupa ukingoja ifunguke. Imepigwa ikaingia kwa kubana tu, na chenye kinaishika sasa ni kutu, vumbi na grisi ya zamani iliyokauka ikawa gundi. Kwa hivyo kazi yako ni kuvunja hiyo gundi, si kushindana na bati. Gari iwe kwa stendi, jeki peke yake hapana, na vaa miwani kwa sababu patasi hurusha vipande.

Nilianza na brashi ya waya na ncha ya kisu kizee. Nikazunguka ule mpaka, pale ukingo wa kofia unakutana na habu, nikitoa uchafu mpaka nione chuma kwa chuma. Hii peke yake ilinichukua kama nusu saa na watu wengi huiruka. Halafu nikafunika diski na kitambaa, nikapaka WD-40, ile dawa ya kulegeza kutu, kidogo pale kwenye mpaka tu. Kidogo. Ikifika kwa diski au kwa pedi umejiletea shida ya breki. Nikaiacha usiku mzima.

Asubuhi nikachukua nyundo ya plastiki, ndogo, nikaanza kugonga kofia ubavuni. Ubavuni, si puani! Ukipiga pua unaibonyeza ndani na unazidi kuikaza. Ni kugonga kushoto, kulia, juu, chini, unazungusha habu na mkono, unarudia. Hakuna kitu kinaonekana kwa macho, lakini sauti hubadilika, mwanzo inalia imeshiba, baadaye inaanza kulia kama iko na nafasi.

Hapo ndio unaleta bisibisi pana au patasi nyembamba. Unaiweka pale kwenye ukingo, unagonga kidogo, unaondoa. Unazungusha habu robo, unagonga kidogo, unaondoa. Usikwame mahali pamoja hata kama pameanza kuachia, hapo ndipo karibu kila mtu huharibu. Unaona upande mmoja umefunguka unafurahi, unatia bisibisi unakandamiza kama unang'oa mti, kofia inalala upande, inajikaza vibaya kuliko mwanzo, na mduara wake unakuwa yai. Ikishakuwa yai haitaziba tena. Ile yangu ya kushoto ilikufa hivyo, nina hakika, meno ya patasi yalikuwa pande mbili tu.

Zunguka. Ukichoka kunywa chai, urudi uzunguke.

Karibu saa tano nikaona mstari mweusi, mwembamba kama uzi wa kushonea, umezunguka kofia yote. Hapo nikafunga kofia na kipande cha tyubu ya baiskeli, nikaishika na koleo kubwa juu ya hiyo raba, nikawa naitikisa huku na huku nikivuta. Ikatoka na sauti kama ya kufungua kopo la Kimbo. Harufu ya grisi nzee ikanipanda. Na ndani ya hiyo kofia, kwenye grisi iliyokauka rangi ya asali, kulikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yote inaonekana. Mjomba alikuwa anapaka grisi na kidole gumba. Nilikaa kwa kile kistuli chake nikaangalia hiyo alama muda mrefu, na nilichelewa kuisafisha.

Mtu ataniambia tumia moto. Sitaki. Ndani kuna grisi na nyuma kuna sili ya raba, ukichoma unayeyusha moja na kuua ingine, na kofia na habu zinapata moto pamoja kwa hivyo faida ni ndogo. Na wale wenye Beetle au Porsche 924, angalieni kwanza upande wa kushoto, waya wa spidomita unapita katikati ya shafti unatokea kwa hiyo kofia na umeshikwa na kipini kidogo. Toa hicho kipini kabla hujagonga chochote.

Kurudisha ni rahisi lakini watu huharibu hapa pia. Kama unatoa habu nzima kalipa, ile inashika pedi za breki, lazima itoke, ifunge na waya ining'inie, usiiache ikibebwa na paipu yake ya breki. Beringi ukibadilisha soma namba zimechongwa kwa chuma chenyewe, uende nazo kwa maduka ya spea Kirinyaga Road, usiseme tu ni ya Datsun. Nati kaza ukizungusha habu ili roli zikae, halafu ilegeze kidogo, gurudumu lizunguke huru bila kucheza, na spliti pini iwe mpya. Kofia usiijaze grisi mpaka juu, grisi ikipata joto hutafuta njia ya kutoka. Paka filamu nyembamba kwenye ukingo, kesho itakutokea kwa urahisi. Tafuta soketi kubwa au kipande cha bomba chenye kinakaa kwenye ukingo wenyewe, ugonge kidogo kidogo ukizunguka mpaka usikie imekaa.

Ile iliyobonyea ya kushoto nilitafuta ingine duka kwa duka, zote zilikuwa zinakaribia tu, hakuna iliyobana. Mwishowe nikakata kipande cha mpini wa jembe, nikakichonga kiingie ndani, nikagonga kofia kutoka nje juu ya huo mti siku mbili mpaka mduara ukarudi. Makovu bado yako. Inabana na haivuji, mvua mbili zimepita na grisi iko safi. Nataka kuipeleka gari Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, na najua jaji akiinama ataona hayo makovu. Wacha aone.

Na nyinyi mafundi mnaosoma, mimi sina ubaya na nyinyi, wengi wenu mnajua zaidi yangu. Lakini mtu akikuletea gari ya baba yake au mjomba wake, hujui ni nini amekuletea. Kama huna saa tatu za kuzunguka kifuniko, mwambie huna, atafute mwingine, hatakasirika. Na wewe mwenye gari, simama hapo. Usiache funguo uende kazini kama nilivyofanya. Uliza kila kitu, na ukiona silikoni mahali hakukuwa na silikoni, usilipe kwanza ndio uulize.

Leo saa saba mchana kijana ameniandikia tena, ametuma na picha. Mstari umeonekana, lakini upande wa chini tu, na tayari ana bisibisi mbili mkononi. Nimemwambia aziweke chini, azungushe habu nusu, aanze kule kwingine.